Doa Jekundu la Katandala

Ramani ile nilisaidia kuichora, na mpaka leo naichukia. Nasema mapema ili anayesoma asije akadhani atakutana humu na mtu mpole aliyekwisha kusamehe. Sijasamehe. Sijamsamehe mtaalamu aliyekuja nayo, sijawasamehe majirani zetu, na wa kwanza kwenye orodha ni mimi mwenyewe, ila huyo naamka naye kila siku, sina pa kumkwepea.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuingiza taarifa kwenye kompyuta katika kliniki moja mjini Sumbawanga, kliniki ya watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Sikuwa muuguzi. Nilikaa kwenye chumba chenye dirisha lisilofungika vizuri, na ikifika Juni upepo wa Ufipa unapenya hapo kama umeitwa. Nimevaa sweta mbili, nauliza maswali yale yale: jina, umri, kijiji au mtaa, balozi wako wa nyumba kumi nani, mtu wako wa karibu nani, tukutafute wapi ukipotea. Kupotea maana yake ni kuacha kuja kuchukua dawa. Ukipotea, mhudumu anapanda pikipiki yenye nembo ubavuni, anakufuata mpaka kwako, na asipokukuta anakuulizia kwa majirani. Hebu jiweke hapo mwenyewe.

Basi watu walidanganya. Si wote, lakini wale waliotoka mbali walidanganya karibu wote, na mimi niliwajua kwa viatu. Mtu anakwambia anaishi mjini huku vumbi la barabara ya Namanyere limemfika magotini. Walitoka vijiji vya Kate, walitoka Kabwe kule ziwani, wakapanda basi kutwa nzima, wakapita vituo vya afya vitatu njiani, ili tu wachukue dawa mahali ambapo hakuna shemeji wala mwalimu wa kwaya atakayewaona kwenye benchi. Siwalaumu. Kituo cha kwao benchi linatazama barabara.

Na wakifika mjini wengi wao walilala kwetu.

Mama yangu ni mjane, ana nyumba ya tofali za kuchoma mtaa wa Katandala, hapo hapo mjini, vyumba vinne na uani kuna jiko la kuni. Nyumba ile ni ya kufikia. Kwa watu wetu, mtu wa kijijini mwenye mtu wake mjini halali gesti. Akilala gesti amewatukana ndugu. Na neno ndugu kwa mama halina ukuta. Alimpokea mtoto wa binamu, alimpokea jirani wa huyo mtoto wa binamu, aliwahi kumpokea mfugaji wa Kisukuma ambaye uhusiano wetu naye ulikuwa kwamba aliwahi kumuuzia marehemu baba ndama. Alikuwa na sheria moja tu. Mgeni ukishamuuliza kama amekula, alisema, umemaliza maswali.

Lakini mama si mjinga. Kopo la dawa zile likitikiswa linalia, na anayelibeba kwenye basi anajua kuwa kila abiria anasikia. Mama alikuwa akiweka bonge la pamba safi kando ya kitanda cha mgeni, bila neno. Mgeni asiyehitaji aliiacha pale. Mgeni anayehitaji aliijaza ndani ya kopo, vidonge vikanyamaza, na asubuhi akaondoka ameaga vizuri. Nilikua nikiona pamba zile na sikuelewa mpaka nilipoanza kazi kliniki.

Kati ya wageni hao yupo mmoja ninayemuita mama mdogo. Si mdogo wake mama kwa damu. Alizaliwa Kate, akaolewa Kabwe na mvuvi, mvuvi akafa, yeye akabaki huko anaanika dagaa na kuuza. Kila miezi mitatu alikuja na samaki wa ziwani, migebuka mikavu iliyofungwa kwenye gazeti, akafagia uwanja wetu bila kuombwa, akanisuka nywele huku akinisema kwamba nimekonda na sitaolewa. Tuliambiwa anakuja kutibiwa macho. Siku moja mlango wa chumba changu kliniki ukafunguliwa, akaingia yeye, na faili mkononi.

Sijawahi kuona uso ukijifunga vile. Alitaka kurudi nyuma. Nikamwambia, "Mama mdogo, kaa. Humu mimi sikujui."

Akakaa. Nilipofika kwenye swali la makazi alinitazama tu. Nikaandika mtaa wetu, balozi wetu, na kwenye mtu wa karibu nikaandika jina la mama yangu. Alipoona nimeandika hivyo alishusha pumzi, na jioni ile ndipo alinisuka vizuri kuliko siku zote. Baada ya hapo nikawa nafanya hivyo kwa kila aliyefikia kwetu, na kwa wengine ambao hawakufikia kwetu ila walikuwa na macho yale yale. Niliona nimetenda wema. Tena niliona nina akili, maana wakichelewa ningejua pa kuwaulizia bila pikipiki.

Kisha akaja mtaalamu.

Alitoka Dar na koti la baridi ambalo lingemfaa mtu anayekwenda kulala mlimani. Siku ya kwanza tu akatutania, "Jamani watu wa Sumbawanga, msinitupie radi." Tulicheka kwa adabu. Kila mgeni kutoka Dar anakuja na mzaha huo wa uchawi kwenye begi, na kila mmoja anadhani ameutunga yeye. Nilimchukia kuanzia hapo, nikiri, kabla hata hajafanya kosa lolote.

Wazo lake lenyewe halikuwa la kijinga. Alisema vipimo ni vichache na watumishi ni wachache, kwa hiyo tusipime kama mtu anayemwaga mbegu barabarani. Tuchukue taarifa za wagonjwa wote, tujue wanatoka wapi, tuziweke kwenye ramani. Panapoiva rangi ndipo pa kupeleka vipimo. Mimi nilipewa kishikwambi nizunguke Katandala nichukue alama ya nyumba ya kila balozi. Unasimama mlangoni, unabonyeza, kishikwambi kinaongea na setilaiti, basi. Nilibonyeza kwa balozi wetu pia, akanipa na kikombe cha uji.

Siku ya kuonyeshwa ramani tulikaa kwenye ukumbi, akaimulika ukutani. Ufipa yote ilikuwa pale, kutoka ziwa hili hadi ziwa lile. Kabwe ilikuwa kijani. Kate kijani. Mwambao mzima wa Tanganyika kijani kibichi, mtu angedhani wavuvi wamechanjwa. Na katikati ya Katandala palikuwa na doa jekundu. Alilikuza. Likakua, likakua, nikaona njia ya kisimani, nikaona kona ya mashine ya kusaga, na doa likatulia juu ya shina la balozi wetu. Nyumba kumi na mbili. Ya nne kushoto ni ya mama yangu.

"Hapa pana jambo," mtaalamu akasema. "Mwambao tunaweza kuupunguzia vipimo kwa sasa. Nguvu zote hapa."

Nilijua jambo lililokuwa pale. Jambo lenyewe ni pamba. Ningesimama nikasema: makazi yale si ya kweli, niliyaandika mimi, watu wenyewe wako huko mnakokuona kijani. Sikusimama. Nilijiambia nikisema watafuatwa vijijini kwao na pikipiki yenye nembo, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimeandika uongo kwenye faili za serikali na niliipenda kazi yangu. Nikainama nikajifanya natafuta kalamu.

Wiki iliyofuata hema likasimama kona ya mashine ya kusaga. Gari lenye vipaza sauti likazunguka mtaani kwetu likitangaza upimaji, na mtaani kwetu tu. Watu si wapumbavu. Wanajua gari la matangazo huzunguka mji mzima. Likizunguka mtaa mmoja siku tatu, maana yake wewe umeshasemwa. Sijui nani aliyeona ramani akaenda kuisimulia, lakini hadi Jumatano vijana wa bodaboda walishatubadilishia jina.

"Sista, unaelekea wapi? Nyekundu?" aliniuliza mmoja pale stendi, na wenzake wakaangua kicheko. "Mshikaji, mpeleke taratibu, huko kuna moto!"

Nilitembea kwa miguu.

Walipima nyumba hadi nyumba. Mama alipofikiwa alikuwa anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini, akanawa mikono, akatoa kidole. Muuguzi aliyempima, mwenzangu wa kazini, alimwambia kwa upole kwamba ana haki ya kukataa. Mama akamjibu, "Umeshafika mwanangu, na umetumwa. Umekula?" Mama hakukutwa na virusi. Katika nyumba zote kumi na mbili hawakumpata mtu mpya hata mmoja, na ukidhani hilo lilitusafisha, hujaishi kwenye mtaa. Ramani imesema pana ugonjwa. Vipimo vimesema sisi wazima. Basi ugonjwa unaletwa. Nani ana nyumba inayoingia wageni kila wiki, wanaume kwa wanawake, wengine hawajulikani hata majina?

Lisemwalo lipo, walisema. Jirani yetu wa mkabala, mwanamke aliyesimama na mama tangu msiba wa baba, aliyekuwa akija kuchukua moto kwetu bila kubisha hodi, akaanza kubisha hodi. Kisha akaacha kuja. Mwenyekiti wa mtaa akapita kumshauri mama, kwa heshima, eti mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama akamjibu kwamba jembe analo na wageni wake wanalima, aulize shamba lake la maharage nani alilipalilia. Mwenyekiti akaondoka bila kumaliza chai. Mtu mmoja akasema kwamba mama yangu amefungua gesti bubu. Mwingine akasema neno baya kuliko gesti.

Mama hakujibu lolote. Hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko matusi. Nilikuwa nikirudi kazini nimevimba kwa hasira, namwambia, "Mama, waambie." Na yeye, "Niwaambie nini?" "Kwamba ni wageni." "Wageni wana nini?" Ananitazama, anasubiri nilitamke mwenyewe.  Kiapo cha kazi nilikula mimi, lakini mwenye siri alikuwa yeye, na aliibeba bila kiapo.

Sasa nifike Alhamisi.

Mtaani kwetu jumuiya ya Wakatoliki inasali kila Alhamisi alasiri, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu ni kitu kikubwa. Mwenye zamu anafagia tangu asubuhi, anatandika mikeka, anaweka picha ya Bikira Maria juu ya meza yenye kitambaa, anachemsha chai kwa ajili ya baada ya sala. Alhamisi ile zamu ilikuwa ya mama. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nimsaidie. Na mama mdogo wa Kabwe alikuwa amefika saa sita mchana kwa basi, baada ya kulala njiani, kesho yake ndiyo tarehe yake ya kliniki. Alikuwa amechoka lakini alikataa kulala, akaosha vikombe vyote vya nyumba.

Saa kumi ikafika. Saa kumi na robo. Mikeka tupu. Mama akakaa kwenye kigoda kando ya mlango na rozari mkononi, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Mama mdogo akasema, "Labda wamepotewa na saa, ngoja nichungulie." Akajifunga khanga akatoka. Hakurudi.

Kisha tukasikia wimbo. Wimbo wa kufungua sala, kutoka nyumba ya mkabala.

Walikuwa wameruka zamu yetu. Hawakutuma mtoto kuja kusema, hawakutoa hata sababu ya uongo. Walituruka tu, kama unavyoruka tope. Nilimtazama mama. Alikuwa ameanza kuitikia wimbo ule pale pale kwenye kigoda chake, kwa sauti ndogo, peke yake, akigeuza punje za rozari.

Sikufikiri. Wanaosema hasira ni hasara wanasema kweli, lakini husema baadaye. Nilivuka njia, nikaingia kwenye ua wa jirani bila hodi, nikasimama mbele yao wakiwa kwenye fumbo la pili la rozari, na nikawapigia kelele. Niliwaita wanafiki. Niliwauliza nani kati yao hajala kwa mama yangu. Jirani akasimama akaniambia nitoke, watu wanasali.

"Salini!" nikasema. "Mnamsingizia mama yangu na nyie wenyewe hamjui kitu. Mimi ndiye ninayeandika yale mafaili! Hakuna mgonjwa kwenye mtaa huu. Wagonjwa ni wa ziwani, ni watu wa Kabwe na Kate, wanakuja kuchukua dawa wanalala kwetu. Ni hao wageni. Mama yangu kosa lake ni kuwapa kitanda!"

 Ndipo nikaona vichwa vinageuka. Havikunigeukia mimi. Viligeuka kwenye mkeka wa mwisho, karibu na banda la kuku, ambako mgeni pekee wa siku ile alikuwa amepiga magoti na rozari yake. Alikuwa ametoka kuwachungulia, akakuta sala imeanza, na mtu mwenye adabu hakatizi sala: alipiga magoti akaungana nao. Kwapani mwake kulikuwa bado na kitambaa alichokuwa akifutia vikombe vyetu.

Mwanamke aliyekuwa kando yake alisogea. Kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja, akavuta na upindo wa kitenge chake.

Mama mdogo akafanya ishara ya msalaba, akanyanyuka, akakunja kile kitambaa mara nne, akakiweka juu ya ukuta mfupi wa ua. Alipita mbele yangu.  Alikwenda nyumbani kwetu akachukua mfuko wake. Mama alimfuata mpaka barabarani, sijui walisemezana nini, nilikuwa bado nimesimama kwenye ua wa watu. Akapanda gari la mizigo lililokuwa likirudi Namanyere. Khanga yake moja ilibaki kwenye kamba ya nguo. Dawa hakuchukua. Alikuwa amekuja kwa sababu zimekwisha.

Jioni ile mama alipika, akapakua, akaweka sahani ya mgeni kama kawaida, akaifunika.

"Nilikuwa nakutetea," nikamwambia.

"Nilikutuma?"

"Walikuwa wanakutukana, mama."

"Mimi ni mtu mzima, nimetukanwa sana. Matusi hayajaniua." Aliosha mikono. "Yule umemuua."

Hakupandisha sauti. Nilitamani angenipiga. Mdomo uliponza kichwa, tunasema, lakini mdomo wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, na changu bado kipo shingoni kinakula na kulala.

Majirani walifurahi, bila shaka. Walikuwa wamepata walichokitaka: ugonjwa si wetu, ni wa ziwani. Siku mbili tu na jirani wa mkabala akaja na bakuli la unga akisema shetani alipita katikati yetu, na Alhamisi ya pili jumuiya nzima ikaja mlangoni na vitabu vya nyimbo, imejaa tabasamu. Mama alisimama kizingitini. Aliwatazama mmoja mmoja, hawa watu ambao watoto wao walibatizwa pamoja na wa kwake.

"Zamu yangu ilishapita," aliwaambia. "Mliiruka wenyewe." Akafunga mlango. Ni mara pekee nimemwona mama yangu akifunga mlango mtu akiwa nje, na nilifurahi, nasema kweli, niliwasikia wakikohoa huko nje na nikafurahi.

Furaha yenyewe haikudumu. Habari husafiri kwa basi lile lile wanalosafiri watu. Wageni wakakatika. Kwanza wa Kabwe, kisha wa Kate, kisha hata wale waliokuwa wakija kweli kwa ajili ya macho na mbolea. Tarehe zao za kliniki zikapita kwenye kompyuta yangu moja baada ya nyingine, na mtu wa karibu wa kuwatafuta alikuwa mama, aliyekaa kwenye nyumba ya vyumba vinne na bonge la pamba lisilopungua.

Ramani mpya ilipomulikwa ukutani, doa letu lilikuwa limefutika. Katandala ilikuwa nyeupe kama unga wa sembe. Mtaalamu alituomba tujipigie makofi. Alisema upimaji uliolengwa umezaa matunda, na kwamba shina lile litakuwa mfano wa kuigwa. Kabwe ilikuwa bado kijani.

Safari hii nilisimama. Nilisema, "Hawajapona. Wameacha kuja."

Akaniuliza kwa upole, "Una takwimu za hilo?"

Nikamweleza yote, makazi ya uongo, mkono wangu mwenyewe, wageni, kila kitu isipokuwa majina.  Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza kusikiliza aliandika kwenye daftari lake, akasema ni changamoto ya ubora wa taarifa na itashughulikiwa. Nilipewa barua ya onyo, niliistahili. Mwambao ulirudishiwa vipimo baadaye sana. Kunisikiliza kwake hakukunipunguzia chuki. Nilimchukia zaidi, kwa sababu ilionekana kwamba angenisikiliza hata siku ile ya kwanza, niliyoinama kutafuta kalamu.

Yule muuguzi aliyempima mama ndiye aliyenisaidia kupata dawa za mama mdogo, kwa utaratibu, na saini yake. Mama aliyachukua makopo, akayajaza pamba mpaka hayatoi sauti, akayazika ndani ya mfuko wa unga wa ulezi. Juu akaweka ile khanga iliyobaki kwenye kamba, ameipiga pasi. "Mpe mkononi," alisema. "Usitume mtu. Na usiseme neno mbele za watu hata moja. Msalimie, mpe unga, ondoka."

Nilifika Kabwe siku ya pili saa nne asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia na mchanga wote wa juu umetandazwa dagaa, wanawake wameinama wanawageuza kwa mafagio. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amepungua. Mabega yalionekana chini ya blauzi, na nilijua kuhesabu miezi kwa mabega, kazi imenifundisha hivyo. Nikapita katikati ya vitandazo mpaka mbele yake, nikapiga goti kidogo kama alivyonilea.

"Shikamoo mama mdogo."

Aliendelea kugeuza dagaa. Fagio lilikuja mpaka karibu na viatu vyangu likarudi.

"Shikamoo," nikasema tena. "Mama anakusalimu. Amekuletea unga wa ulezi." Nikainua mfuko, na khanga yake ikaonekana juu.

Wanawake wa jirani waliacha kazi. Mmoja aliuliza, "Huyu binti ni wako?"

Alinyanyuka, mkono kiunoni, akanitazama kwa utulivu kabisa. Aliitazama khanga. Nadhani aliujua na mfuko, ulikuwa ni ule mfuko wa mama wenye mshono mwekundu. Nadhani alijua kilichomo chini ya unga kuliko mimi niliyekibeba. Watu walikuwa wanangoja.

"Simjui," alisema. "Wa mjini hao, amenifananisha." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kumwambia mpita njia, "Binti, sogea. Unawazibia jua dagaa."

Nikasogea. Nilikaa kando ya duka moja mpaka jua linageuka, nikitumaini atapita peke yake, na alipopita alipita na wenzake watatu, akiwa upande wa mbali. Mwenye duka alipoanza kuniuliza nimetoka wapi na namtafuta nani, niliondoka, maana kila dakika niliyokaa pale ilikuwa inamwongezea maswali.

Mama alikuwa mlangoni niliporudi. Aliona mfuko.

"Aliitikia?"

"Hakuitikia."

Aliupokea, akaumimina unga kwenye ungo, akatoa makopo, akayafuta moja moja. Hakunikaribisha chakula. Nilijipakulia.

Jumatatu nilirudi kazini. Faili lake lilikuwa juu ya meza na mengine yaliyopitisha muda, na kwenye kompyuta kuna mahali pa kuchagua hali ya mgonjwa, machaguo ni machache. Nilijua ufukwe, nilijua mstari wa vitandazo, nilijua upande anaosimama ili jua lisimpige usoni. Nikachagua: hajulikani alipo. Kisha nikafungua faili lililofuata.